Siku za Maji, Tandika

Tandika, Dar es Salaam
Jumatatu

Dada yangu Mghoi,

Salamu zikufikie hapo Voi. Jumatatu ndiyo siku yetu wamisionari ya kufua na kuandika nyumbani. Mashati nimeyafua kwa maji ya madumu. Mwambie Mama viatu vimeisha soli kwa kutembea, lakini mwenzangu Boateng, kijana wa Ghana, sasa anajua kusonga ugali. Huku sisi wamisionari sote cheo chetu ni Mzee, na mie nina miaka ishirini.

Jana fundi Albano, seremala wa Keko aliyefiwa na mkewe, aliniuliza kama kweli atamwona tena. Nikamjibu ndiyo. Akanishika mikono, akalia. Dada, sikuamini hata neno langu moja.

Tangu mlipomzika Baba, na Mama akasema nisije, nimalize kwanza kazi ya Mungu, sijalia mbele ya mtu. Sheria yetu ni kutoachana na mwenzako hata dakika moja, isipokuwa bafuni. Basi huwa naingia bafuni, nafungua bomba lipige ndoo kwa nguvu, asinisikie.

Usimwambie Mama. Mwambie nasali.

Ila tangu Alhamisi maji hayatoki bombani, dada, na Boateng amekaa hapa ubavuni mwangu.

Mdogo wako,
Mwakio