Maharage ya Karuba na Kikapu cha Jumamosi

Walikale, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Kabla Innocent hajaendelea kukusomea, keti kwanza. Weka jembe chini. Hakuna msiba, hakuna mgonjwa, hakuna aliyekimbia. Nakujua: barua yangu ikifika unatafuta kilio ndani yake kabla ya salamu. Leo hutakipata. Na wewe Innocent, mdogo wangu, soma polepole, usiruke mahali ninapokusema.

Mnaendeleaje huko Karuba? Magoti yako yanasemaje na baridi ya asubuhi? Yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anavunja ua wa jirani? Mvua imewanyeshea kwa upole au imekuja na mawe? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu simu za kwenu zimekufa tangu mnara uharibike, na barabara unaijua mwenyewe. Sisi huku tu wazima. Bauma, mkwe wako, bado anapasua mbao porini upande wa Bisie. Anarudi kila baada ya wiki mbili na unga wa mbao hadi masikioni, anakula, analala, anaondoka. Mimi nimeongezeka mwili kidogo. Neema naye ndiye habari yenyewe.

Ujumbe wako wa mwisho ulinifikia kwa mdomo wa dereva wa Papa Kasereka, Mnande wa Butembo mwenye duka kubwa hapa sokoni. Dereva alisimama mlangoni, hata kofia hakuvua, akasema: "Mama yako anasema hivi: kama mutoto hanoni, mumutume kwangu. Ao nitakuja na miguu yangu, nimuchukue." Nilicheka, kisha nikalia, maana najua hutanii. Ungefunga kitenge kiunoni, ushuke vilima vyote, upite Kashebere na vizuizi vyote vya watu wenye bunduki, na magoti hayo. Tangu siku hiyo nilikuwa na mambo mawili mbele yangu: kumpandisha mtoto wa miaka minne kwenye pikipiki ya mtu nisiyemjua, au kukungoja wewe barabarani. Yote mawili yaliniogopesha kuliko njaa.

Uliambiwa tu kwamba Neema amekonda; sasa nikuambie nililokuficha. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimfunga Neema mkononi ule ukanda wa rangi tatu wanaopimia watoto. Kijani ni uzima, nyekundu ni hatari. Mkono wake ulisimama kwenye njano, karibu kabisa na nyekundu. Muuguzi akaniuliza, "Mama Neema, munakulaka nini kwenu?" Nikamwambia bugali wa muhogo na sombe ya majani yake. "Na kesho?" Bugali na sombe. Mama, msitu huku ni mnene lakini soko ni kavu. Watu wamezoea kutafuta riziki yao chini ya ardhi, mashimoni, na juu ya ardhi hawapandi sana. Maharage yanatoka kwetu juu ya malori, yakifika yamekuwa ghali kama nyama. Mtoto wa Karuba nimekosa maharage! Niliona haya hata kukuandikia.

Muuguzi huyo ndiye aliyenielekeza kwa Mama Asifiwe. Ni agronome, amesomea kilimo, mwanamke mfupi wa hapa hapa, mwenye buti za mpira na sauti ya katekista. Shamba lake liko ng'ambo ya mto. Hachomi msitu. Majani anayaozesha shimoni pamoja na mavi ya kuku hadi yawe udongo mweusi, na maji ya kidimbwi cha samaki ndiyo anayomwagilia mboga. Lakini cha ajabu ni desturi yao. Kila mwanachama anatoa mchango wake kabla mbegu haijaingia udongoni, kisha kila Jumamosi anakuja kuchukua kikapu. Shamba likizaa, kikapu kinajaa. Mvua ikiharibu, kikapu kinapungua, na hakuna anayerudishiwa kitu. Nakusikia ukisema, "Nani ananunua mboga ambayo haijaota?" Ndivyo nilivyosema na mimi. Mama Asifiwe akanijibu kwamba mkulima hununua mboga ambayo haijaota kila mwaka, kwa mgongo wake, na hakuna anayemcheka.

Sikuwa na cha kutoa isipokuwa mikono. Akakubali: Jumanne na Alhamisi nilime, Jumamosi nichukue kikapu kama wengine, ila kwa majaribio. Mwisho wa msimu wanachama wangeamua kama ninabaki. Kikapu cha kwanza kilikuwa na majani ya lenga-lenga, biringani, karanga, samaki wawili na mayai mawili, kwa sababu nyumba zenye mtoto mdogo huongezewa mayai. Neema alikula yai lake amelifumbata kwa mikono miwili, kama kwamba lingetoroka. Nikajiambia, Riziki, kikapu hiki usikichezee.

Nikakichezea.

Unakumbuka yale maharage ya kupanda juu ya miti uliyonifungia mfukoni siku ninaondoka? Sikuyala, Mama. Hata siku tulizolala na chai kavu sikuyagusa. Nikampelekea Mama Asifiwe kwa maringo yote ya kwetu, nikasema tupande kipande chote kilicho karibu na kidimbwi, kile chenye udongo mzuri kuliko vyote. Akayashika, akayapenda, akasema: "Dada, huku iko joto. Hii maharage ya mulima inapendaka baridi. Tupande mustari moja kwanza, tuone."

Unajua ulimi wangu. Nikamjibu mbele ya watu, "Mutoto wa Karuba, maharage hawamufundishi!"

Wakacheka, wakaniamini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mama, lakini mimi sikuvunja guu langu peke yangu, nilivunja na la wenzangu. Watu waliacha kazi zao wakaenda kukata miti ya kutegemeza. Papa Kasereka, ambaye ni mwanachama tangu mwanzo, alitoa gari lake liilete. Maharage yakaota, yakapanda miti, yakaipita, yakatafuta mingine. Sijawahi kuona maharage ya kijani namna ile. Nilikuwa napita kati yake kifua mbele. Maua yakatoka meupe kote. Halafu joto la mchana likayapiga, yakadondoka, wiki baada ya wiki, hadi njia kati ya mistari ikawa nyeupe. Maganda hayakufunga. Nilikuwa naamka alfajiri kutafuta, nikifunua jani kwa jani, narudi nyumbani nasema labda kesho.

Mwisho wa msimu ukafika Jumamosi moja, na vikapu vilivyokuwa vikingojea maharage vikawa havina hata punje. Wanachama walikaa ndani ya hangari, lile banda la shambani, kila mtu na kikapu chake magotini. Papa Kasereka akasimama. "Mimi nilitoaka muchango ya maharage, sikutoaka ya majani! Miti tulikata, gari nilitoa. Na huyu mama hata haiko mwanachama muzima. Aende." Wengine wakatikisa vichwa, si kwa kukataa.

Mama Asifiwe akasema, "Tulisema tutakula pamoja na tutakosa pamoja. Ao tulisema kukula tu?"

"Tukose na mvua," mama mmoja akajibu. "Si na kiburi."

Alisema kweli. Neema alikuwa amekaa karibu nami anachezea mpini wa kikapu chetu. Nilimwona akilini juu ya pikipiki, amefungwa mgongoni kwa mtu mwenye koti la mvua, hanioni. Nilikuona na wewe, na fimbo yako, kwenye tope la Kashebere. Nikatazama nje, kule kwenye ule ukuta wa majani nilioupanda, nikakukumbuka ukiwa na mwiko mkononi.

Unakumbuka nilivyokuwa nachukia majani ya maharage? Kila mwezi ule mgumu kabla ya mavuno ulitupikia hayo, hadi siku moja nikasukuma sahani nikakuambia sisi si mbuzi. Ulinipiga mwiko wa bega, ukasema, "Mbuzi iko na akili kukupita." Innocent alicheka hadi akapaliwa, na bado anacheka sasa hivi, namjua.

Nikasimama. Nikawaambia: "Munipe sufuria kubwa na saa moja. Kisha munifukuze."

Hawakuelewa. Watu wa hapa wanajua majani ya muhogo, ya viazi vitamu, ya msituni ambayo mimi siyajui hata majina, lakini la maharage kwao ni la kutupa. Nikaenda kuchuma ulivyonifundisha: kwa vidole viwili, machanga ya juu tu, na si yenye maji ya mvua. Nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatwanga kidogo, nikatia mawese, kitunguu na karanga za kusaga. Kwa haraka nikaunguza kidole. Wao walikuwa wanazungumza mambo yao kama watu wanaongoja mtu amalize kufunga mizigo.

Wa kwanza kuonja alikuwa Papa Kasereka, kwa sababu ndiye aliyekuwa na hasira zaidi na nilimpa wa kwanza makusudi. Akatafuna. Akatafuna tena. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia dukani kwake: "Ngojeni. Hii mama yangu alitupikiaka. Kule Butembo, tukiwa watoto, kabla ya mavuno. Njo hii yenyewe." Akaninyoshea sahani nimwongezee. Tukiwa bado tunamtazama, akauliza, "Nani alisema huyu mama aende?"

"Ni weye!" wakamjibu wote pamoja, na hangari nzima ikacheka. Mama, mimi sikucheka. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kama mtoto, na Neema akaniletea kikapu akidhani ndicho ninacholilia. Hakukosea sana.

Kwa hiyo wiki zilizofuata kila kikapu kilikuwa na fungu la majani ya maharage, na sasa nyumba nyingi huku zinayapika. Si wote waliofurahi. Wanachama wawili walitoka, wakasema hawawezi kula makosa ya mgeni, na siwalaumu. Nami niliwaomba msamaha wote mmoja mmoja, hata yule mama aliyenitaja kiburi. Huyo ndiye tunapalilia naye siku hizi. Sasa mimi ni mwanachama mzima, bila majaribio. Na maganda manane yalifunga, nimeyahesabu. Mama Asifiwe hakuniruhusu kuyatupa. Anasema yaliyoweza joto hili ndiyo mbegu, tutayapanda mstari mmoja kwanza, tuone. Safari hii nilifunga mdomo.

Wiki iliyopita muuguzi alimfunga Neema ule ukanda tena. Kijani, Mama. Anakimbia hadi ninachoka kumwita. Ameanza kujibu watu, na Bauma anasema hiyo ni damu ya kwenu, si ya kwao. Usije kumchukua. Nasema kwa heshima yote na magoti yangu yako chini: baki nyumbani, utunze yako. Siku barabara itakapotulia, sisi ndio tutakaopanda kuja.

Nisalimie mke wa Innocent. Mwambie asibebe maji mazito na tumbo hilo, na Innocent ajue kwamba mtungi haumkatai mwanamume. Nisalimie Mama Mukubwa, dada yako wa Mushaki, umwambie kitenge alichonipa ndicho ninachovaa misani. Nisalimie katekista wetu aliyenifundisha kuandika barua hizi, anisamehe mwandiko. Na yule ng'ombe wa pembe moja, mpige kofi moja kwa niaba yangu.

Neno la mwisho. Ndani ya bahasha aliyowaletea dereva wa Papa Kasereka, pamoja na barua hii, kuna uzi. Usiutupe ukidhani umetoka kwenye nguo. Nakumbuka ulivyokuwa unatufunga uzi kiunoni tukiwa wadogo, ili ujue bila kuuliza mtu kama tunanona. Innocent anaweza kukusomea vibaya, nami naweza kukuandikia uongo wa kukutuliza, lakini vidole vyako havidanganyiki. Shika ncha iliyo mbali na mafundo, Mama. Kutoka ncha hiyo hadi fundo la kwanza ni unene wa mkono wa Neema siku ile ya njano. Nililifunga nikataka kukutumia, nikashindwa. Fundo la pili ni mkono wake wiki hii. Pitisha kidole polepole kutoka la kwanza hadi la pili. Hapo katikati kuna samaki, kuna mayai, kuna karanga za watu wasionijua walionivumilia, na kuna majani yako niliyokataa kula.

Mwanao wa kwanza,
Riziki, Mama Neema