Baba, Ulichagua Programu Isiyosema

Baba yangu,

Ulifundisha shule ya msingi hapa kijijini Ziwa mpaka ukastaafu, na kila aliyepita mikononi mwako anakumbuka sauti yako. Uliweza kunyamazisha gwaride zima la asubuhi bila kengele. Kisha koo likaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la kupukuchua mahindi, tukakuchemshia tangawizi. Daktari alipotuita ndani, akasema kansa imeshika kisanduku cha sauti na lazima kitolewe.

"Na ataongea na nini?" Mama akauliza.

Daktari alisukuma karatasi na kalamu mbele yako.

Ulirudi nyumbani na tundu shingoni na karatasi za kuandikia mfukoni. Ulizichukia zile karatasi. Kwenye mikutano ya kanisa watu walikumalizia sentensi kabla hujafika katikati, na siku moja uliinuka ukaondoka, kofia ukaiacha kitini. Simu nayo ilikushinda, maana kidole kimoja kilifunika herufi tatu. Lakini taipu uliijua. Mitihani ya shule ulikuwa unaichapa mwenyewe, kwa vidole vyote, bila kuangalia. Ndiyo maana nilikuletea kompyuta ya mezani iliyoondolewa kwenye duka la pembejeo ninakofanyia kazi huko Eldoret mjini, tukaanza kutafuta programu ya ujumbe itakayokufaa.

Ya kwanza ilitaka simu ikae karibu, iwe na chaji na bando, la sivyo inagoma. Stima ikapotea siku nzima, simu ikazima, na stima iliporudi kompyuta ikawaka lakini wewe ulikuwa bado bubu. Ya pili ilikuwa nzito. Mashine iliganda ukabaki unaitazama kama punda aliyekataa kupanda mlima. Ya tatu niliipenda mimi. Herufi zake zilikuwa kubwa, ilifunguka yenyewe, na ulichoandika ilikisoma kwa sauti. Nilimwita Mama kutoka jikoni nikiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. Ukaandika, "Taplelei, chai iko wapi?" Kompyuta ikalisoma jina la Mama kama mgeni wa ng'ambo anayesoma kibao cha barabarani.

Mama aliweka sufuria chini. "Toa hiyo kitu. Huyo si mzee yangu," akasema, akatoka nje.

Nilikubembeleza. Nilikuambia atazoea, na kwamba mtu mwenye sauti, hata ya mashine, hawezi kupuuzwa kanisani. Ukachapa: "Sauti yangu bado iko masikioni mwa mama yako. Usiifunike kwa hii." Ukaifuta programu wewe mwenyewe, ukachagua ya nne, nyepesi, isiyosema kitu. Mkutanoni hukurudi tena.

Tukaishi hivyo. Nikiwasha kompyuta kazini asubuhi, nakupata umeshafika. Unauliza kama mbolea ya kupandia imeingia. Unanipasha kwamba ng'ombe mweusi amezaa dume. Nikiandika vibaya, unanikamata: "Si hiyo mahindi, ni hayo mahindi. Nilikufundisha mimi." Nikija nyumbani nilimkuta Mama amesimama nyuma yako na miwani yake, anasoma skrini polepole, anakujibu kwa mdomo. "Acha kunigongea hiyo mashine na hasira!" alikukemea siku moja, ukacheka mpaka mabega yakatetemeka, bila mlio wowote.

Uvimbe ukarudi. Sentensi zako zikawa fupi. Mchana mmoja, siku ya soko, nikasoma: "Mama yako yuko sokoni. Pumzi haitoshi. Usimpigie, atakimbia barabarani." Nilimpigia jirani yenu mwenye pikapu akulete mjini, nikaenda kukungoja langoni mwa hospitali.

Walipokulaza, nesi alileta kalamu, ikakuponyoka. Ukaushika mkono wangu, ukaulaza juu ya shuka, na vidole vyako vikaanza kutembea juu yake. Ulikuwa unachapa, Baba. Ulisimama kidogo mahali pa nukta, ukaendelea. Nikakuambia sielewi. Ukaanza upya, polepole, kama na mtoto wa darasa la kwanza, ukinitazama usoni kuona kama somo limeingia. Sikupata hata neno. Kabla wiki haijaisha ulikuwa umetuacha.

Baada ya mazishi tulitafuta sauti yako kila mahali. Kuna video ya harusi yangu, umesimama unatuhutubia, lakini muziki umeimeza sauti yako yote. Na juzi Mama aliniambia, "Naanza kusahau vile alikuwa ananiita. Jina nalisikia, yeye simsikii." Kuna siku nakukasirikia kwa ajili ya ile programu uliyoifuta, maana sauti uliyoilinda sasa inamtoka Mama masikioni. Kisha nakumbuka uso wa Mama akiweka sufuria chini, na hasira inakosa pa kukaa.

Jana, saa ya chakula cha mchana, jina lako liliwaka kwenye skrini yangu. Nilishika meza kwa mikono miwili.

"ni mimi mama nyumba imenyamaza sana"

Hakukuwa na nukta wala herufi kubwa. Mama, ambaye hakuwahi kugusa kibodi, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yako akisaka herufi moja moja. Nikamjibu kwamba nitakuja Jumamosi, nilale. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Wateja walikuwa wamejaa mbele ya kaunta, mmoja ananigongea kwa ufunguo, na mimi siwezi kutoa macho pale.

"jumamosi ni mbali"

Nilichukua koti nikatoka. Sikupitia hata nyumbani kwangu, mtaa wa Kapsoya. Niko hapa kwa Mama sasa, ametoka kwenda kukamua, na nimekuandikia kabla hajarudi. Pumzika, Baba. Nitakaa naye mpaka atakaponifukuza.

Ni mimi, binti yako