Mlango wa Radio, Beni

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu 2003. Mususa, Butembo

Mwaka wa tano nje ya Beni. Na sasa Éliakim ananiita: njia imetulia, Pasaka nirudi. Binti yangu Orpa ameanza kuimba jikoni!

Nilikimbia kwa sababu ya radio ya kanisa, ile inayopeleka barua za seva yetu, kompyuta kuu ya kanisa. Barua hizo husema familia zimejificha wapi. Ndani ya seva kila kifaa kina faili lake – si kifaa chenyewe, ni mlango wa kukifikia. Niliyatengeneza yote kwa mkono, moja moja. La radio nikalifunga: mimi na pasta tu. Askari wakanitafuta. Funguo nikamwachia Éliakim, mwanafunzi wangu, niliyemlea kama mwanangu.

Jumatano, tarehe 5

Kasonia, karani wa kanisa, ametoka Beni. Anasema Éliakim ameacha mtindo wangu. Sasa seva inajitengenezea faili kila inapowashwa, kwa vifaa inavyovikuta tu. Vizuri! Kwangu mlikuwa mmejaa milango ya vifaa vilivyokufa zamani.

Lakini askari wanakaa kwenye radio, anasema. Wanacheka, wanasoma barua.

Nimetafakari hadi nikaelewa. Umeme ukikatika, faili huzaliwa upya na kufuli langu linapotea. Hakuna mwenye kosa! Inatakiwa kanuni moja, isomwe kila seva inapowaka: radio, watu wawili tu. Nimeiandika, Kasonia ameibeba.

Orpa: Papa, unatetea machine ao Éliakim?
Vyote viwili, nikasema. Akacheka, akaendelea kumenya viazi.

Jumapili, tarehe 9

Éliakim amekuja baada ya ibada. Amenenepa. Ati Mukendi, komanda wa wale askari, hana neno na mimi tena, kwangu kumefagiliwa, nirudi tu.

Nikamuuliza: kanuni yangu umeiweka?

Akaangalia kikombe. – Papa, kanuni ilikuwako mbele ya yako. Ni mi niliiandika. Inafungulia basoda ba Mukendi. Weye, inakufungia inje.

Tangu lini?

– Tangu sikukuu ya Noël.

Kumbe seva haikusahau kitu. Kila asubuhi ilikuwa inatii.

– Mais ningefanya je? Weye ulikimbia, Papa. Mi nilibakia!

Nimeingia chumbani kuandika haya. Yuko sebuleni bado. Namsikia Orpa akimwongezea chai, akimuuliza kama paa letu la Beni linavuja. Éliakim anataka nipande naye gari kesho, hataki tena kungoja Pasaka.

Sitarudi Beni.