Ufa Chini ya Daraja

Alhamisi, Kalamba

Miguu inauma. Leo nimerudi mtoni mara ya tatu kupiga picha ya ufa wa daraja ambalo wanafunzi wangu huvuka kila asubuhi. Injinia wa barabara, ninayemtumia picha ili daraja litengenezwe, alizikataa zile za kwanza: anga nyeupe kabisa, na chini ya daraja giza tupu. "Mwalimu, naona daraja tu, ufa siuoni," aliniandikia. Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Saa sita nilisimama tena barabarani, jua likiwaka. Mama Mutheu, aliyekuwa chini akichota maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, akaniita. "Mwalimu, huko juu unapiga picha ya nini? Si ufa uko huku?"

Nikashuka. Tukangoja hadi saa kumi na moja, jua likaingia chini ya daraja kwa ubavu. Nikagusa skrini ya simu penye kivuli ili ipime mwanga wa pale, anga nikaiacha nje ya picha. Bado kwenye skrini ufa ulionekana kama uzi. Nikamwomba aweke mkono kando ya ufa, mtu aone ukubwa.

Hakuuweka kando. Aliuingiza ndani, ukazama hadi kwenye kiwiko.

Nikapiga moja tu. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hiyo, na siwezi kuitazama. Nimeituma. Injinia hajajibu.

Kesho nitawapitisha watoto chini, mchangani, wachelewe tu. Mto ni mkavu bado. Lakini ikinyesha huko Kilungu, milimani mto unakotoka...