Mchanga Juu ya Kunde

Ufuoni mwa bwawa, Mbeere
Jumapili, baada ya ibada

Kwa ndugu yangu mpendwa Kirimi, Nkubu.

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe pamoja na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu ulipotoka hospitalini, na kwamba baridi na manyunyu ya huko milimani hayajakuzuia kwenda kuitazama migomba yako. Mimi ni mzima wa mwili. Macho ndiyo yanayolalamika, lakini daktari wa Siakago amenipa dawa ya matone, na bado ninaweza kuandika mstari ulionyooka, kama unavyojionea.

Barua yako ya pongezi ilinifikia Alhamisi. Unasema mjukuu wako alikuonyesha kwenye simu picha yangu nikiwa kwenye tamasha la ufuoni, nimevaa ngozi ya mbuzi juu ya koti na kushika kipaza sauti, na kwamba mliipeleka ikachapishwa mjini Meru, karibu na soko la Gakoromone, mkaitundika sebuleni. Niwie radhi kwa jambo ninalokuomba kabla hata sijakueleza sababu yake. Iteremsheni. Ifungieni sandukuni au ichomeni. Sitaki wajukuu wetu wakue wakinitazama nikiwa vile.

Najua ni utovu wa adabu kujibu pongezi kwa ukali. Nimeianza barua hii mara tatu nikiitafuta sauti ya upole, nayo haikuja. Nimekasirika, Kirimi. Niruhusu basi nilieleze jambo hili kwa utaratibu, maana nisipolieleza kwa utaratibu litanishinda.

Wewe ulifika huku mara mbili tu, siku ya harusi yangu na siku tulipomzika mke wangu Marigu, na mara zote mbili maji ya bwawa yalikuwa juu. Hukuona kinachotokea wakati wa kiangazi. Maji hushuka kidogo kidogo, kila juma hatua chache, na nyuma yake huacha udongo mweusi uliolowa. Wanawake huyafuata. Kila mmoja ana ukanda wake, unaoanzia kwenye jiwe lake huko juu na kuteremka hadi majini, naye hupanda mstari baada ya mstari kadiri maji yanavyorudi, hata ukakuta kunde za juu zina maganda na zile za chini ndiyo kwanza zinatoa majani mawili. Hakuna ua wala waya, kwa sababu ardhi ile ni ya bwawa, na bwawa laweza kuitaka wakati wowote. Mimi niliyetoka Nkubu, ambako hata kuku anajua mpaka wa mwenyewe, nilichukua muda kuelewa kwamba hilo nalo ni shamba. Mwaka wetu wa kwanza nilikatiza katikati ya kunde za Marigu nikidhani ni magugu, naye alicheka hadi akakaa chini.

Tangu Marigu atutoke, ukanda wake hulimwa na jirani yake, Ciarunji. Huyu ni mjane kama mimi nilivyo mgane, mwanamke wa maneno machache, na ndiye anayetunza mbegu. Misimu miwili iliyopita mvua ilitutupa, kunde za mashamba ya juu zikakauka kabla ya kuzaa. Kila mvua za mwezi wa kumi zinapokaribia, kijiji kizima humwendea Ciarunji na kopo kuomba mbegu zilizokomaa pale ufuoni. Naomba ulishike hilo, ndugu yangu. Zile hazikuwa mboga za jioni tu. Zilikuwa shamba la mwaka ujao la nyumba zaidi ya ishirini.

Mwezi wa tano alikuja kwangu kijana aitwaye Njagi, niliyemfundisha kuanzia darasa la nne hadi la nane. Siku hizi anaishi Embu mjini na kazi yake ni kuandaa sherehe. Alikuja na wenzake wawili, wakaniletea mkate na sukari, wakaketi mezani pangu. Walitaka kufanya tamasha la ufuoni, lenye ngoma zetu, michezo yetu na vyakula vyetu, ili wageni waje kutoka Nairobi na Mbeere ijulikane. Nakiri kwamba nilifurahi. Walihitaji barua kutoka kwa kamati ya watu wa ufuoni, na katibu wa kamati hiyo ni mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu.

Niliwauliza kuhusu kunde. Njagi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, kunde hatutagusa. Sisi tutakaa kule kwa mawe, kwa wavuvi."

Nikaandika barua. Niliandika habari za usalama, habari za vyoo, hata mahali magari yatakaposimama. Habari za kunde sikuziandika. Wewe utanielewa, kwa kuwa tulilelewa na misheni ile ile. Niliona ni kumtukana mtu kuandika mbele ya macho yake ahadi aliyonipa kwa kinywa chake, mezani pangu, kana kwamba namwambia simwamini. Nikaikunja karatasi, nikampa kwa mikono miwili.

Juma la tamasha nilikwenda Siakago kwa ajili ya macho, nikalala siku mbili kwa binti yangu. Niliporudi Ijumaa adhuhuri, trekta ilikuwa imekwisha kupita. Kutoka kwenye mawe ya juu hadi majini hapakuwa na jani la kijani. Walikuwa wamesawazisha kila kitu, wakamwaga mchanga uliochimbwa mtoni, mweupe, malori kwa malori, na milingoti ya wavu wa voliboli imesimama katikati ya ukanda wa Marigu. Kule kwa wavuvi hawakugusa, kwa sababu ni mawe, na wageni hawapendi mawe.

Ciarunji alikuwa ameketi juu ya jiwe lake na karai mapajani. Ndani yake mlikuwa na maganda aliyoyafukua kwa vidole chini ya mchanga, mabichi, punje zake bado maji. Alinisalimu. Akaniuliza habari za macho yangu. Kisha akauliza kama walikuwa wameniomba ruhusa ya kupita pale. Nikamwambia kwamba walikuwa wameahidi kutopita. Akainama kando ya jiwe, akaendelea kufukua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Njagi, ambaye alikuwa akifunga bango.

"Mwalimu! Karibu biichi."

Nikamuuliza kunde ziko wapi.

"Kunde gani? Hiyo ilikuwa nyasi nyasi tu, Mwalimu. Shamba iko na fensi."

Nilimkumbusha meza yangu na mkono wangu. Akasema mfadhili alitaka mahali palipo karibu na maji, akasema dereva wa trekta hakuelezwa vizuri, na mwisho akasema, "Hata barua yako haikusema." Neno hilo alilisema kwa heshima, Kirimi. Hakuinua sauti hata kidogo. Na lilikuwa kweli.

Saa ile ningerudi nyumbani kwangu nikafunga mlango, nisingekuwa na haya ninayokuandikia. Lakini nilikuwa nimealikwa na nimekubali, na sisi tulifundishwa kwamba mwaliko uliokubaliwa hauvunjwi. Jumamosi nilivaa tai, nikaenda.

Sitakuwa mwongo. Ilikuwa sherehe ya kupendeza. Wapiga ngoma wa Chuka walikuja na ngoma zao zilizobanwa mapajani, wavuvi wakashindana kwa mashua, na wanawake wakawashinda wanaume katika kuvuta kamba, wanaume wakadai kwamba upande wa wanawake ulikuwa na mteremko. Mimi walinivika ile ngozi, wakanitangaza kuwa mzee wa Mbeere, ingawa niliwaeleza mara mbili kwamba mimi ni Mmeru wa Nkubu. Nyaga mvuvi, ambaye watoto wake wote nimewafundisha, aliita kutoka kwenye mashua yake, "Mwalimu, huyo mbuzi umemfundisha darasa la ngapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Jambo hilo pia sijalisahau, kwamba nilicheka.

Kisha wakaniongoza kwenye meza ndefu iliyoandikwa kwamba ni ya vyakula vya asili. Binti mmoja aliyevaa aproni akanipa sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kunde.

"Chukua, mzee. Hii ni ya kienyeji kabisa."

Nikamuuliza kunde hizo zimetoka wapi.

"Soko ya Embu. Tuliambiwa huku hakuna."

Nilikuwa nimesimama juu ya kunde nikipewa kunde. Mchanga ule haukuwa na unene wa shubiri moja. Niliirudisha sahani mezani, nikaomba radhi, nikasema tumbo langu halipo vizuri. Niliomba radhi, ndugu yangu, mimi.

Na bado hujasikia mabaya yenyewe. Ilipofika saa kumi, mtangazaji aliniita nitoe shukrani. Wakanipa kipaza sauti. Nilijua kabisa maneno niliyopaswa kusema, nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Ciarunji alikuwa amesimama pembeni ya umati pamoja na wanawake wengine wawili, wamejifunga leso zao, wananitazama. Nikafungua kinywa, na kinywa kikafanya kilichozoea kufanya tangu tukiwa na kaptura. Kikashukuru. Niliwashukuru wageni kwa safari yao, nikawashukuru wapishi, nikamshukuru mfadhili, nikamshukuru Njagi kwa jina na kumwita fahari yangu. Kirimi, nilimshukuru hata dereva wa trekta. Watu wakapiga makofi, na hapo ndipo ilipopigwa picha hiyo yenu. Ciarunji hakungoja nimalize.

Usidhani hasira yangu yote ni kwa kijana yule. Nimewakasirikia watu wanaosafiri mbali kuja kukisherehekea chakula chetu na magurudumu yao yakiwa juu yake. Nimemkasirikia mfadhili asiye na uso, aliyetugawia kofia. Lakini nimeikasirikia zaidi ile adabu yetu. Tulifundishwa kushukuru kabla ya kula na baada ya kula, na tulipokosa kula tulishukuru vilevile. Miaka sabini nimeamini kwamba huo ni wema. Sasa naona kwamba mara nyingi ulikuwa woga uliopigwa pasi vizuri. Samahani kwa neno hilo, najua wewe bado unaimba kwaya.

Jumanne Njagi alirudi na mkate mwingine na barua iliyochapwa. Ilisema kwamba sisi watu wa ufuoni tuliridhia, hatukupata hasara yoyote, na tunaomba tamasha lirudi pale pale kila mwaka. Akanionyesha mahali pa sahihi kwa kidole. Nilimwambia sitatia sahihi.

"Mwalimu, kwani unakataa maendeleo?"

"Shukrani zile nazifuta, Njagi," nikamwambia. "Nilikosea nilipokushukuru. Sikushukuru."

Alidhani nafanya mzaha, akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. Alikusanya karatasi zake. Mkate aliuacha mezani, nami nilimfuata hadi kwenye gari lake nikaupitisha dirishani.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Ciarunji na kalamu na karatasi. Wale wanawake wawili walikuwapo. Niliwaomba msamaha, wakauitikia kwa kunikaribisha kiti, bila kusema kama wameupokea. Nikawaeleza kwamba tutaiandikia ofisi ya kaunti Embu, tukidai mambo mawili. La kwanza, mchanga uondolewe upesi, wakati udongo wa chini bado una maji. Ciarunji amebakiza kibuyu kimoja cha mbegu zile zinazokomaa kwa siku sitini. Zikipandwa katika majuma haya mawili, tutapata mbegu kabla mvua hazijakolea. Zikichelewa, kijiji hakina cha kupanda. La pili, pasiwe na tamasha jingine pale bila idhini ya wanawake wenyewe.

Nilianza kuwasomea nilichoandika. Nilipofika mahali niliposema kwamba uharibifu ulitokea "kwa sababu ya kutoelewana," Ciarunji aliinua mkono.

"Nani hakuelewa?" akauliza. "Mimi nilielewa. Njagi alielewa. Wewe ulielewa."

Nikamwambia kwamba hiyo ni lugha ya barua, kwamba ofisi hupenda mambo yawekwe kwa upole.

"Basi mimi sipendi. Andika ati mwalimu aliahidiwa, akanyamaza, halafu akashukuru. Kama hiyo haiko, mimi siweki kidole."

Nilimweleza kwamba maneno hayo yatanivunjia heshima, na huenda nikaondolewa katika ukatibu. Akasema anajua. Mmoja wa wale wengine akaniongezea chai. Nikafuta mstari wangu, nikaandika wake, kama alivyoutamka, nikausoma kwa sauti mara mbili ili kila mmoja ausikie. Waliweka vidole vyao kwa wino, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikatia sahihi chini yao.

Ijumaa niliipeleka Embu mwenyewe. Karani aliusoma ukurasa mzima akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama huyu mwalimu anayeshtakiwa humu naye aitwe ofisini. Nikamwambia ndiye mimi, na kwamba nitakuja siku yoyote watakayotaka. Alinipa karatasi ya kuonyesha imepokelewa. Hawajasema lolote bado, nasi hatutawangoja. Kesho alfajiri tunaanza kuutoa mchanga kwa makarai, ukanda wa Ciarunji kwanza. Nyaga ameahidi sepetu tatu, na safari hii nimeiandika ahadi hiyo, akiwa ananitazama. Hakuonekana kuchukia.

Nisalimie shemeji yangu, mama wa nyumba yako, na dada yetu mkubwa pale Nkubu, ukimsomea sehemu utakazoona anaweza kuzivumilia. Nisalimie mwanao wa kwanza, yule fundi, pamoja na mke wake na wajukuu wote. Mwambie mchungaji wenu, mwana wa shangazi, kwamba nimepata habari kuwa ananiombea nipate utulivu wa moyo tangu nifiwe. Namheshimu, na naomba radhi kwa kumrudisha nyuma katika kazi yake, lakini aache ombi hilo kwanza. Utulivu nitautafuta mbegu zikishaota.

Mimi ndugu yako mkubwa, mwenye hasira na mapenzi tele,

Zakayo Mbaabu