Kwa Mwalimu Aliyetetemeka Mbele ya Kidato cha Tatu

Mpendwa Baba Neema,

Nimeketi juu ya sanduku la bati, maana viti vimeshafungwa kamba. Leo tunahama Karatu, mimi na Neema. Nimeona nizungumze nawe kabla lori halijafika.

Ulinikuta mwoga. Nilitoka Machame nikiwa binti aliyemaliza chuo juzijuzi, nikapangiwa hisabati ya kidato cha kwanza katika chumba kilichotenganishwa na chako kwa ukuta wa mbao usiofika juu. Wavulana wengine walikuwa na ndevu. Niliwapa mgongo nikaandika ubaoni kipindi kizima ili nisiyaone macho yao, huku nikisikia jinsi darasa lako lilivyotulia. Siku moja nilikuuliza siri ya utulivu ule, ukacheka.

"Wakiniogopa mimi kuliko wanavyoziogopa hesabu," ulisema, "hesabu watazikimbilia wenyewe."

Kisha ukanionyesha fimbo yako ya mzeituni pori, iliyolainishwa kwa mafuta.

Tukaoana, na bado nilikuwa nakuogopa kidogo. Nyumbani ulikuwa mpole, mtu wa kuniwekea maziwa ya mgando pembeni nisije nikakosa. Lakini kupitia ule ukuta nilimsikia mtu mwingine. Swali. Kimya. Hatua za viatu vyako. Halafu jina, na mara nyingi lilikuwa la Nasirian, yule binti wa Kimaasai kutoka Oloipiri aliyeongea Kiswahili polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza. "Nasirian, simama." Nami huku upande wangu nilikuwa naacha kuandika. Chaki ilikuwa inanivunjikia mkononi.

Nilikuambia mara moja, tukila. "Baba, yule mtoto hajui kwa sababu anatetemeka." Ukajibu kwamba ulifundishwa hivyohivyo na ukafaulu. Nikakuongezea ugali.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Uliwapeleka wavulana wa kidato cha tatu kukata kuni za jikoni ukingoni mwa msitu, kule juu ambako ukungu huchelewa kuondoka. Mimi nilikuwa nafua. Niliona kijana anateremka mbio njiani, peku, shati limechanika, na kabla hajafungua mdomo nikajua ni wewe umepatwa na jambo. Nilikimbia na sabuni mkononi. Wanaume wa kijiji walinipita na mikuki na mbwa wao, wakiitana kwa Kiiraqw, lugha ya kwenu ambayo nilikuwa bado sijaijua. Sikuelewa walichosema, na kutoelewa kule kulinitia hofu kuliko kelele zenyewe. Nilikuwa nafikiri, huenda wameshasema kwamba amekufa, na mimi peke yangu ndiye sijui.

Nyati alikuwa amekulaza ndani ya mfereji mwembamba uliochimbwa na mvua. Pembe zake hazikuweza kuingia vizuri, basi alisimama juu yako, anapiga kwato, anainama, anajaribu tena. Wanafunzi wako walikuwa juu ya miti. Walikuona. Walikusikia pia, na sote tuliokuwa tunapanda kile kilima tulikusikia. Ulikuwa unamwita mama yako. Ulimwita kama mtoto anayeamka kwenye ndoto mbaya, bila kupumzika, hadi mbwa walipomzunguka yule mnyama akageuka kuwafuata.

Mbavu zilipona, na paja likaunga. Lakini baada ya kutoka hospitali hukutaka mlango ufungwe wala uachwe wazi. Ulikaa kitandani ukitazama dirisha. Niliogopa mno siku hizo, Baba Neema. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu, na nilikuwa nimezoea kwamba katika nyumba yetu mwoga ni mmoja, naye ni mimi. Wawili tukiogopa, nani atafungua mlango mbwa akibweka?

"Watanicheka," ulisema siku ile mkuu wa shule alipokuita urudi kazini. "Wamenisikia nikilia. Nitawaambia nini watoto wale?"

Nilikupigia pasi shati.

Asubuhi ile nilitangulia darasani kwangu, nikawapa wanafunzi zoezi ili pawe kimya, nikasimama karibu na mbao. Nikakusikia unaingia. Viti vikasogea, wakasimama, wakakusalimu. Hukujibu. Nilingoja kusikia viatu vyako, sikusikia. Nilingoja kicheko, hakikuja pia, nikadhani umeanguka. Niliweka kiganja changu kwenye ule ukuta wa mbao. Nilitaka kupiga kelele.

Kisha sauti yako ikatoka, nyembamba. "Kaeni. Naomba mnisubiri. Mikono yangu inatetemeka, siwezi kuandika. Nina hofu tangu siku ile. Mlinisikia namwita mama yangu, si ndiyo?"

Halafu nikasikia kiti kimoja kikisogea nyuma kabisa.

"Mwalimu," alisema Nasirian kwa ile sauti yake ya kupima maneno. "Hata mimi huwa namwita mama. Kila kipindi cha hesabu. Ila namwita moyoni."

Nilifunga macho. Nilidhani utamwadhibu. Badala yake nikasikia kishindo kidogo cha mtu anayekaa, na baadaye nikaambiwa kwamba ulikuwa umekaa kwenye dawati la mbele, kati ya wanafunzi wawili, uso umeelekea ubaoni kama wao.

"Ulianza kumwita lini?" ukamuuliza.

"Kidato cha kwanza. Pale herufi zilipoingia kwenye namba."

"Basi tuanzie hapo. Njoo uandike wewe. Nionyeshe ulipopotelea."

Mkaanzia hapo, kidato cha tatu kizima, huku mtihani wa taifa wa mwaka unaofuata unakaribia. Mkuu wa shule aliona umeharibikiwa akili. Nami nilikuwa na wasiwasi kila siku, nikisikia makelele ya darasa lako, watoto wakibishana, jibu lisilo sahihi likiachwa ubaoni mpaka mwenye jibu aligundue kosa mwenyewe. Niliogopa mkaguzi atakuja akuandikie vibaya. Niliogopa zaidi kwamba ungepata nguvu zako tena, ukarudi kuwa yule wa zamani. Mikono iliacha kutetemeka baada ya miezi. Fimbo hukuishika tena, na hukuwahi kunieleza ilikwenda wapi. Ulianza kunigongea mbao katikati ya kipindi: "Mama, njoo uone huyu alivyofikiri!" Nikaanza kuwageukia wanafunzi wangu pia. Nilikuta nyuso za kawaida tu, nyingine zimelala, nyingine zinanitazama zikiwa na hofu kama yangu.

Nasirian hakupata alama kubwa. Alifaulu tu, akaenda chuo cha ualimu. Alikuja kwenye mazishi yako kutoka Samunge, anakofundisha shule ya msingi. Alinishika mikono yote miwili, hakusema neno, na nilishukuru, kwa sababu siku ile kila aliyesema neno alinitisha. Homa ya siku chache tu, Baba Neema. Nyati alikushindwa, homa ikakuchukua, na mimi nikabaki nikigonga ukuta wa mbao ambao upande wa pili kuna mwalimu mgeni.

Sasa wamenipa shule mpya upande wa Digodigo, niwe mkuu wake. Wanasema madarasa mawili yamekamilika, barabara ni mbaya, mvua ikinyesha hakuna gari linalofika. Sijawahi kuongoza hata kwaya. Nani atanigongea mbao? Nikiugua je? Neema akiugua je? Jana nilienda ofisi ya elimu kukataa, nikafika mlangoni, nikageuka. Mpaka sasa sijui kama niligeuka kwa ushujaa au kwa kuogopa kuongea na bwana elimu.

Lori limefika, nasikia linarudi nyuma uani. Neema ameingia hapa na viatu vyake mkononi, ananitazama ninavyoandika.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa, mwanangu."

Amefikiri. "Basi mimi nitakaa dirishani," amesema, "wewe ukae katikati, karibu na dereva."

Ameshanishika kidole, ananivuta. Lala salama, Baba Neema. Naenda kukaa anaponiweka mwanao.

Mkeo,
Mama Neema