Jina Langu Kwenye Mashine ya Matete

Kakamega Mjini,
Jumatatu, 14 Septemba 1998

Mpendwa dada Kageha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mitchel, ambaye ameota jino la pili na sasa ananing'ata akinyonya. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Shinyalu, na mguu wako umepata nafuu. Sisi tuko wazima, ila mimi usingizi umenihama. Jirani yangu Alice anakuletea barua hii mkononi kwa sababu posta ingechelewa. Nimemwomba asitoke kwako mpaka uimalize, hata kama una chungu motoni.

Unaijua kazi yangu kwa Mzee Athman, muuza mbegu na mbolea. Mimi ndiye ninayechunga kompyuta zake. Ile kubwa hapa ofisini ni ya Unix, za mezani ni Windows, na ile ya ghala la Matete ni ya zamani, bado DOS, inatufikia kwa waya wa simu. Zinaishi kama wake wenza, kila moja na tabia zake, na mimi ndiye wa kuzipatanisha. Vijana wa ofisi wananiitanga Mama Mashine, ati nimezaa wengi na ninayemnyonyesha ni mmoja tu. Hizi za Windows hazina haya, ukikataa kuandika jina zinakufungulia tu. Lakini ile kubwa haimkubali mtu bila jina na neno la siri, na ghala halitoi hata kilo moja bila amri yake. Mzee husema anaiamini kuliko watu.

Wiki jana, mtoto akiwa mgongoni, niliiuliza ile kubwa ni nani wako ndani, kama ninavyofanyanga kila asubuhi. Ikanionyesha jina langu mara mbili. Mideva yuko Kakamega, na Mideva yuko Matete. Dada, Matete sikuwa nimekanyaga.

Nikampigia simu Were, mtunza ghala. Akacheka, akauliza kama uzazi umenisahaulisha, kwani si mimi niliyetuma amri yale mahindi yatoke? Nikauliza mahindi gani. Akasema yale ya mbegu yaliyoharibika, mekundu kwa dawa ya wadudu, ambayo tuliagizwa tuyateketeze. Amri yangu ilisema ni ya kusaga, na lori limeshapeleka mengine kwenye vinu. Nikauliza nani huigusa kompyuta yake. Akasema huiacha wazi akienda chai, maana madereva huingia kuchapisha karatasi zao. Hapo kicheko kikamwishia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kila hatua mlangoni. Mtu akila akafa, jina litakalosomwa kortini ni langu. Ijumaa nikabadilisha neno langu la siri kimyakimya, nikamwambia Were afunge ghala, kisha nikangoja nione nani atalalamika.

Ofisini hakulalamika mtu. Aliyelalamika ni Baba Mitchel. Jumamosi alirudi na lori la Mzee, nikampakulia obusuma na ingokho, ugali na kuku, akala akitabasamu. Kisha akasema siku hizi mama mtoto ana siri nyingi, anabadilisha kufuli bila kumwambia mwenye nyumba. Nikauliza kufuli gani. Akasema ni mzaha tu, akaomba maji ya kunawa.

Dada, nilipokuwa wadi ya uzazi, kazi isisimame, nilimpa mume wangu Osundwa lile neno alipeleke ofisini. Mzee hajui hata kuwasha kompyuta, kwa hiyo Osundwa mwenyewe ndiye aliyeketi akaliandika. Hakuna mwingine aliyelijua. Ni mume wangu, ningemficha?

Jana baada ya kanisa nilimuuliza wazi. Hakukana. Alisema mahindi yanaoshwa kwa maji moto, rangi inatoka, watu wana njaa na hakuna atakayedhurika. Kisha akataka neno jipya, akaniambia nimfikirie mtoto. Alisema polepole, Mitchel akiwa magotini pake, na ule upole wake ndio ulionitia baridi. Hakubanduka mlangoni siku nzima. Leo ameondoka na lori, ndipo nikapata nafasi ya kuandika.

Na ili nisadiki kwamba ni salama, alisema hata wewe amekuletea gunia Jumamosi, zawadi ya shemeji.

Usilisage, dada yangu. Kama umeshasaga, mwaga unga wote chooni, kuku wasiuonje. Kama watoto wamekula na matumbo yanawasumbua, iache barua hapo hapo, wapeleke hospitali. Uwaambie na akina mama wa kanisa wasinunue unga wa sokoni mpaka nipeleke habari.

Mimi natoka sasa kwenda kwa Mzee Athman, kisha kituo cha polisi, na Mitchel mgongoni. Nitataja jina langu kwanza, halafu la baba yake. Usinishauri nivumilie, maana hilo sitalisikia, hata likitoka kwako.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, na Mungu awafunike. Usihangaike kuandika majibu. Mwambie tu Alice kama wamekula au hawajala, aje aniambie popote atakaponikuta.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mideva